Michael Grzimek: Mtengeneza filamu aliyezikwa ukingoni mwa Ngorongoro

Msafiri anayetoka mjini Karatu kwenda Ngorongoro hupita Lango la Lodoare, kisha hupanda katikati ya msitu wa mlimani hadi kufika ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Wengi husimama hapo kupiga picha ya sakafu ya kreta, yenye eneo la takribani kilomita za mraba 260, kisha huendelea na safari ya Serengeti. Kando ya barabara hiyo ya ukingoni pana mnara wa mawe wenye umbo la piramidi. Chini yake amelazwa kijana aliyefariki akiwa na umri wa miaka 24, naye alikuwa mtu wa kamera.

Michael Grzimek alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo, na baada ya Vita Kuu ya Pili akawa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Mtoto huyo alikulia miongoni mwa wanyama, akaizoea kamera mapema kama watoto wengine wanavyoizoea kalamu. Angali kijana alianza kufuatana na baba yake katika safari za Afrika, na kazi ya kupiga picha za filamu ikawa yake.

Safari ya Kongo, wakati huo ikitawaliwa na Ubelgiji, ilizaa filamu yao ya kwanza kubwa, iliyoeleza kuwa wanyamapori wanazidi kukosa mahali pa kuishi. Filamu hiyo ilioneshwa mwaka 1956, ikatunukiwa katika tamasha la filamu la Berlin na kuwaingizia fedha nyingi. Michael alikuwa na umri wa miaka 22. Kijana wa umri huo angeweza kuzitumia fedha hizo kujijengea maisha ya starehe. Yeye na baba yake waliamua kuzirudisha Afrika.

Walipendekeza kwa utawala wa Tanganyika wa wakati huo kwamba fedha hizo zinunue ardhi ya kuongeza ukubwa wa Hifadhi ya Serengeti. Kanali Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, aliwashauri jambo jingine. Serikali ilikuwa ikijiandaa kubadili mipaka ya hifadhi, ilhali hakuna aliyejua kwa hakika wanyama ni wangapi wala wanahama kwa njia zipi. Kilichohitajika kabla ya ununuzi wa ardhi ni hesabu.

Ushauri huo uligeuza kazi ya Michael. Ili kuhesabu wanyama wa nyanda pana kiasi hicho ilibidi kuruka juu yao, hivyo baba na mwana wakajifunza urubani. Walinunua ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, wakaipaka milia kama ya pundamilia. Herufi zake za usajili, D-ENTE, zilibeba neno la Kijerumani lenye maana ya bata. Mwezi Desemba 1957 waliondoka Frankfurt wakiwa marubani wapya kabisa, wakasafiri takribani kilomita 10,000 hadi Serengeti, na kuweka makazi yao Banagi.

Hapo mtengeneza filamu akawa rubani, fundi na msaidizi wa utafiti kwa wakati mmoja. Waliigawa ardhi katika vipande, wakaruka chini chini kwa mistari iliyopangwa, huku macho yakihesabu makundi upande wa kushoto na kulia. Walikamata baadhi ya wanyama na kuwawekea alama za rangi ili watambulike wakiwa angani. Walikusanya pia nyasi na udongo ili kujua kwa nini nyumbu huchagua malisho haya na kuyaacha yale. Kati ya shughuli hizo, kamera iliendelea kufanya kazi.

Hesabu yao ilitoa jumla ya takribani wanyama 367,000 wakubwa, wakiwemo nyumbu wapatao 99,000 na pundamilia wapatao 57,000. Jambo zito zaidi lilikuwa katika ramani. Ilidhihirika kwamba wakati wa mvua makundi makubwa hutoka na kulisha nje ya mipaka mipya iliyokuwa ikiandaliwa. Hata hivyo, uamuzi wa mipaka ulitangulia majibu ya utafiti. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, ikawa eneo la hifadhi ambamo wafugaji, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja, na Wamasai waliokuwa Serengeti wakahamishiwa huko.

Michael hakuiona sura hiyo mpya ya nchi. Tarehe 10 Januari 1959 alikuwa akirusha ndege ile yenye milia, akiwa peke yake, ilipogongana na tumbusi hewani. Bawa liliharibika, ndege ikashindwa kuongozwa, ikaanguka. Alizikwa ukingoni mwa kreta, na jiwe la kaburi lake linaeleza kuwa aliwapa wanyama wa Afrika kila alichokuwa nacho, pamoja na uhai wake.

Filamu ilibaki haijakamilika. Baba aliyefiwa aliimalizia pamoja na wenzao, akiwemo Alan Root, kijana aliyekulia Kenya ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa wapigapicha mashuhuri wa wanyamapori duniani. Ilitoka mwaka huo huo, ikitangaza kuwa Serengeti haipaswi kufa, na mwaka 1960 ikashinda tuzo ya Oscar ya filamu ya hali halisi. Watu ambao wasingefika Tanganyika kamwe waliujua msafara wa nyumbu kupitia kazi ya kijana huyo.

Maisha ya Michael Grzimek hayatasimuliwa kwa haki bila kutaja upungufu wa jicho lake. Yeye na baba yake waliamini kuwa mifugo ni tishio kwa nyanda hizo, na katika filamu yao mfugaji hakupewa nafasi ya mwenye nchi aliyeishi na wanyama hao kwa vizazi. Historia ilikuja kuongeza somo ambalo kamera haikuliona. Nyumbu walikuwa wachache kwa sababu ya sotoka, na ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa na ugonjwa huo kutoweka miongoni mwao mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu nao waliongezeka hadi kupita milioni moja. Afya ya zizi ilikuwa pia afya ya mbuga.

Kazi aliyoianzisha ilipata warithi. Banagi ilijengwa maabara ya kumbukumbu yenye jina lake, na utafiti uliotokana nayo ulizaa taasisi ya utafiti ya Serengeti. Ngorongoro iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, na Serengeti mwaka 1981. Bernhard Grzimek alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa Ngorongoro kuzikwa kando ya mwanawe.

Tanzania imeendelea kuitumia filamu kujieleza kwa ulimwengu, kama ilivyofanya mwaka 2022 ilipozindua Tanzania: The Royal Tour. Tofauti ni kwamba safari hii nchi yenyewe ndiyo iliyochagua cha kuonesha. Kwa vijana wa Karatu na Ngorongoro wanaoshika kamera leo, mnara ule wa mawe unakumbusha mambo mawili: kwamba picha hupata uzito pale mpigapicha anapokubali kwanza kuhesabu, kutembea na kujifunza, na kwamba kilichoachwa nje ya picha nacho kinasubiri mtu wa kukisimulia.