Gandhi na Furaha ya Wakili
Twamkumbuka Mohandas Gandhi, mzaliwa wa Porbandar mwaka 1869. Alipokuwa akisomea sheria London aliandama hadhi kwanza: suti za bei, kofia ndefu, masomo ya dansi na fidla. Hayo hayakumtuliza. Akawa wakili mwaka 1891, lakini alipoisimamia kesi yake ya kwanza Bombay maneno yalimkwama, akaiacha pamoja na ujira wake.

Mwaka 1893 alisafiri kwenda Afrika Kusini, akipitia Lamu, Mombasa na Zanzibar, ili kumsaidia mfanyabiashara Dada Abdulla aliyemdai jamaa yake, Tyeb Sheth. Akaona kwamba ada za mawakili zingewamaliza wote wawili. Akawasihi wapeleke shauri kwa msuluhishi. Abdulla aliposhinda, Gandhi akamwomba apokee pauni zipatazo 37,000 kwa awamu, Tyeb asifilisike. Wakapatana, na heshima ya wote ikabaki. Hapo ndipo wakili yule kijana alipoionja furaha ambayo London haikumpa. Baadaye alipata kipato kikubwa Johannesburg, nacho akakiacha.

Nasi tunaowaombea wanetu vyeo, tuwaombee pia kazi itakayowaachia usingizi.