Annie Maunder: Ndoa ilimtoa kazini, lakini Jua hakuliacha

Jua linalowaka saa saba mchana pale Enguserosambu lina madoa meusi. Usijaribu kuyaangalia kwa macho, utaumia. Mmoja wa walioonyesha dunia jinsi madoa hayo yanavyohama ni Annie Maunder.

Alizaliwa mwaka 1868 Strabane, Ireland, baba yake akiwa mchungaji wa kanisa. Alisoma hisabati Girton, chuo cha wanawake Cambridge, akafaulu vizuri mwaka 1889. Digrii hakupewa. Enzi hizo Cambridge haikuwapa wanawake.

Mwaka 1891 aliajiriwa kituo cha anga cha Greenwich, London, kwa pauni 4 tu kwa mwezi. Kazi: kupiga picha za Jua na kupima madoa yake. Bosi wake alikuwa Walter Maunder. Wakapendana, wakaoana 1895, na hapo ajira ya Annie ikaisha. Utumishi wa serikali haukuruhusu mke wa mtu kubaki kazini. Walter yeye akaendelea.

Stori ya ndoa kukatisha ndoto za binti, Ngorongoro tunaijua. Ila Annie hakukubali.

Mwaka 1898 alikwenda India na kamera aliyoibuni mwenyewe, akapiga picha za kupatwa kwa Jua. Mwaka 1901 akafuata kupatwa kwingine Mauritius, huku Bahari ya Hindi.

Kisha yeye na mumewe wakachora madoa ya miaka mingi kwenye mchoro mmoja. Wakaona kitu: mzunguko ukianza, madoa hutokea mbali na ikweta ya Jua, kaskazini na kusini. Miaka ikisonga, mapya hutokea karibu zaidi na ikweta. Baada ya miaka kama 11, yanaanza upya kule mbali. Mchoro ulifanana na vipepeo waliopanga foleni. Ulichapishwa 1904, kwa jina la Walter.

Mwaka 1908 Mmarekani George Ellery Hale aligundua kuwa madoa hayo yana nguvu kali ya sumaku. Kumbe vipepeo vile vilikuwa ramani ya sumaku ya Jua! Wanasayansi wanaitumia mpaka leo, maana dhoruba za Jua zinaweza kuvuruga hata GPS ya simu yako.

Chama cha wanaastronomia cha Uingereza kilichomkataa Annie 1892 kilimpokea 1916. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alirudi Greenwich, akajitolea bila mshahara.

Alifariki 1947. Mwaka uliofuata, Cambridge ikaanza kuwapa wanawake digrii.