Roosevelt: Msasi aliyekemewa na marafiki zake

Theodore Roosevelt, Rais wa 26 wa Marekani, aliwasili katika bandari ya Mombasa mnamo Aprili 21, 1909, wiki saba tu baada ya kuondoka mamlakani. Aliandamana na mwanawe, Kermit, aliyekuwa na umri wa miaka 19, pamoja na wataalamu watatu wa elimu ya viumbe waliotumwa na Taasisi ya Smithsonian ya jijini Washington. Nia yake ilikuwa kuwinda kwa karibu mwaka mzima, kuanzia nyanda za Kapiti hadi kingo za mto Nile.

Wengi humkumbuka kama Mzungu mashuhuri aliyekuja kuua ndovu na simba. Lisilosimuliwa sana ni kwamba kabla ya safari hiyo alikuwa amekemewa kwa miaka mingi kwa sababu ya bunduki yake, na baadhi ya waliomkemea ni watu aliowastahi mno. Hakuwatupa marafiki hao, wala hakuitupa bunduki. Namna alivyojaribu kuyashika yote mawili ni sehemu kubwa ya historia yake, na hatima ya jambo hilo imeonekana hapa nchini, katika kaunti ya Laikipia.

Kobe katika chumba cha dobi

Roosevelt alizaliwa jijini New York mnamo Oktoba 27, 1858, katika familia yenye mali. Alikuwa mtoto dhaifu, aliyeteswa na ugonjwa wa pumu hata akalala usiku mwingi ameketi kitako ili apate kupumua. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, aliona mzoga wa sili, mnyama wa baharini, umewekwa sokoni. Alirudi kuutazama siku baada ya siku, na hatimaye akapewa fuvu lake. Fuvu hilo likawa mwanzo wa makavazi madogo aliyoyaanzisha nyumbani pamoja na binamu zake.

Malalamiko ya kwanza yalitoka humo humo nyumbani. Wadudu, panya na ngozi za ndege zilijaa vyumbani, na harufu ya dawa za kuhifadhia mizoga haikumwacha mtu. Mwanamke aliyefua nguo za familia hiyo alinung'unika kwamba hawezi kufanya kazi ilhali kobe mkali amefungwa kwenye mguu wa karo. Hata hivyo baba mtu, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa Makavazi ya Historia ya Viumbe ya New York, hakumzuia mwanawe. Mnamo 1872 alimnunulia bunduki, na ni wakati huo ilipobainika kwamba kijana hakuwa akiona walichokiona wenzake. Alipotiwa miwani, ndege na miti ikamdhihirikia kana kwamba imeumbwa upya.

Ni muhimu kulielewa jambo hilo. Katika zama zile kamera zilikuwa nzito na dhaifu, na aliyetaka kumjua ndege kwa undani alimpiga risasi, akamchuna na kumpima. Kwa Roosevelt, kuua mnyama na kumpenda mnyama yalikuwa mambo yaliyolelewa pamoja tangu utotoni. Waliomlaumu baadaye waliona mambo mawili yanayopingana. Yeye aliona jambo moja.

Mkosoaji aliyegeuka rafiki

Mnamo 1883 alisafiri hadi eneo la Dakota kuwinda nyati wa Marekani waitwao baisoni. Wanyama hao, waliokuwa wakihesabiwa kwa mamilioni miaka michache tu awali, walikuwa wamefyekwa kiasi kwamba alitafuta siku nyingi katika mvua na matope kabla ya kumpata mmoja. Februari 14 mwaka uliofuata alifikwa na msiba mkubwa: mkewe Alice na mama yake walifariki siku moja, katika nyumba moja. Alirejea Dakota kufuga ng'ombe na kuwinda, akiikimbia huzuni yake.

Kutokana na maisha hayo aliandika kitabu kilichochapishwa mnamo 1885. George Bird Grinnell, mhariri wa jarida la usasi na mambo ya mwituni, alikisifu kitabu hicho lakini akaonya kwamba mwandishi wake hakuwa na uzoefu wa kutosha na kwamba alikuwa ameziamini hadithi za wasasi bila kuzichunguza. Roosevelt alifunga safari hadi ofisini kwa mhariri huyo kudai maelezo. Walizungumza kwa muda mrefu. Grinnell alimweleza makosa yake, kisha akamweleza jinsi wanyama wakubwa walivyokuwa wakiangamizwa kwa biashara ya ngozi na nyama.

Mtu aliyeingia humo akiwa na hasira alitoka akiwa na rafiki. Mnamo Desemba 1887 wawili hao, pamoja na wenzao, waliunda chama cha wasasi kilichoitwa Boone and Crockett. Chama hicho kililaani kumuua mnyama aliyenaswa mtegoni, anayeogelea, au aliyepumbazwa kwa mwanga wa moto usiku. Sheria nyingi za kulinda wanyamapori nchini Marekani zilichipuka kutokana na juhudi za chama hicho. Hapo Roosevelt aliipokea lawama na kuigeuza kuwa kanuni.

Kanuni hiyo ndiyo iliyomfanya akatae, mnamo Novemba 1902 huko Mississippi, kumpiga risasi dubu aliyekuwa amejeruhiwa na kufungwa mtini na kiongozi wa msafara wake. Mchoro wa gazetini kuhusu kisa hicho ulizaa mwanasesere wa dubu ambaye hadi leo hubeba jina lake la utani, Teddy. Sehemu ya pili ya kisa hicho husahauliwa: rais aliagiza dubu huyo auawe kwa kisu ili asiendelee kuteseka.

Kambini na wazee wawili

Mnamo 1903, akiwa rais, Roosevelt alizuru mbuga mbili za magharibi mwa nchi yake pamoja na wazee wawili walioheshimika kwa maandishi yao kuhusu viumbe na misitu.

Mbuga ya kwanza ilikuwa Yellowstone, na mwenzake alikuwa John Burroughs, mwandishi mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa na umri wa miaka 66. Rais alikuwa amenuia kuwasaka puma waliowala kulungu mbugani, lakini akaighairi nia hiyo kwa kuwa alijua kelele zitakazozuka. Kwa majuma mawili hakufyatua risasi. Alichokikamata ni panya mmoja tu, akamchuna na kupeleka ngozi yake Washington akidhani huenda ni wa aina mpya. Burroughs aliandika baadaye kwa utani kwamba huo ndio uliokuwa usasi wote wa rais katika mbuga hiyo. Mzee huyo alikuwa amewahi kushika bunduki katika ujana wake, na alimtetea Roosevelt mbele ya waliomwona kama katili.

Mbuga ya pili ilikuwa Yosemite, mwezi Mei, na mwenyeji wake alikuwa John Muir. Huyu alikuwa mtu wa aina nyingine. Muir aliamini kwamba wanyama hawakuumbwa kwa ajili ya binadamu, na kwamba wana haki yao wenyewe ya kuishi. Kwa siku tatu walilala nje, kwanza chini ya miti mikubwa ya misekwoya, kisha katika theluji. Inasimuliwa kwamba karibu na moto wa kambini Muir alimuuliza rais bila kumung'unya maneno ni lini atakua na kuuacha mchezo huo wa kitoto wa kuua viumbe. Rais hakukasirika. Alikiri kwamba huenda mzee alikuwa na haki, lakini hakuahidi chochote.

Urafiki wao haukuvunjika. Roosevelt alipoondoka madarakani alikuwa ametenga misitu ya kitaifa 150, mbuga za kitaifa tano na hifadhi za ndege 51. Muir alipofariki mnamo Desemba 1914, Roosevelt ndiye aliyeandika makala ya kumuenzi.

Kwa wengine hakuwa mpole kiasi hicho. Mnamo 1907 aliwashambulia hadharani waandishi aliowatuhumu kuwazulia wanyama akili na matendo ya binadamu. Mmoja wao, kasisi William J. Long, alikuwa ameandika kwamba ndege fulani hujitibu mguu uliovunjika kwa kuupaka udongo mpaka ukakauka. Long alimjibu kwamba rais hana haki ya kuzungumzia mapenzi ya viumbe kwa sababu kila anapomkaribia mnyama humlenga kwa risasi. Kwa upande wa sayansi Roosevelt alishinda. Swali la kasisi kuhusu risasi lilibaki bila jibu.

Bwana Mkubwa na vifaru

Safari ya Afrika ilikuwa jaribio lake la kulijibu. Mnamo 1908 aliiandikia Taasisi ya Smithsonian akieleza kwamba hakutaka kuonekana mchinjaji wa wanyama, na kwamba angefurahi ikiwa atakachokiua kitawekwa katika makavazi ya taifa. Hivyo msafara ulibeba, miongoni mwa vitu vingine, tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi.

Roosevelt alipanda garimoshi kutoka Mombasa akiwa ameketi kwenye kiti kilichowekwa mbele ya injini ili awaone wanyama vizuri. Wapagazi waliozidi 200 walibeba mahema na mizigo, wakimwita Bwana Mkubwa na mwanawe Bwana Maridadi. Aliwinda Kapiti, Juja, Sotik, Naivasha na kandokando ya Mlima Kenya. Katika nyanda za Uasin Gishu alishuhudia vijana wa Kinandi wakimzingira simba na kumuua kwa mikuki. Siku hiyo hakupiga risasi, na alistaajabia ushujaa wao kwa dhati. Hata hivyo, sheria za kikoloni za leseni zilizomfungulia yeye milango zilikuwa zikiwanyima wenyeji haki ya kuwinda katika ardhi ya mababu zao.

Alipomaliza alichapisha hesabu yake bila kuficha. Yeye aliua wanyama 296 na Kermit 216, jumla yao 512, wakiwemo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Msafara wote ulipeleka Washington vielelezo zaidi ya 11,000, wengi wao wakiwa panya, ndege na viumbe wengine wadogo. Alijitetea kwamba yeye na mwanawe walijibakishia vichwa na ngozi chache mno, kwamba walichokiua kilikuwa kwa ajili ya sayansi au kitoweo cha wapagazi, na kwamba wangeweza kuua wengi zaidi kama wangetaka.

Utetezi huo una uzito, ila kuna mahali ulipolegea. Mnamo Januari 1910 msafara ulivuka mto Nile na kuingia eneo la Lado, lililokuwa likitawaliwa na Wabelgiji, kuwatafuta vifaru weupe. Roosevelt alijua, na akaandika, kwamba jamaa za vifaru hao kule Afrika Kusini walikuwa karibu kutoweka, na kwamba hawa wa kaskazini waliishi katika ukanda mwembamba tu wa ardhi. Yeye na mwanawe waliwaua tisa, kwa sababu makavazi yalikuwa yakiwahitaji. Ile kanuni ya Grinnell ilimzuia msasi asiue kwa hila. Haikumwambia lini kuua hata kwa haki ni kuzidi mno. Swali la Muir ndilo lililokuwa likiuliza hilo.

Si haki kumtwika Roosevelt mzigo wa yaliyofuata. Vifaru weupe wa kaskazini waliangamizwa hasa na majangili wa pembe na vita vilivyozikumba Uganda, Sudan na Kongo miongo mingi baada ya kifo chake. Mnamo Desemba 2009, miaka mia moja baada yake kushuka Mombasa, wanne kati ya waliosalia duniani waliletwa kutoka hifadhi moja ya wanyama ya Jamhuri ya Czech hadi hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alifariki Machi 19, 2018, akiwaacha bintiye Najin na mjukuuwe Fatu chini ya ulinzi wa saa 24 wa askari wenye bunduki.

Roosevelt mwenyewe alifariki usingizini nyumbani kwake Oyster Bay mnamo Januari 6, 1919, akiwa na umri wa miaka 60. Burroughs alimlilia kama mtu aliyefiwa na ndugu. Kenya nayo ilipiga marufuku usasi wa burudani mnamo 1977.

Wahenga walisema msasi haogopi miiba. Roosevelt hakuiogopa miiba ya marafiki zake. Aliiacha imchome, na mingine ikamfanya awe msasi mwenye mipaka kuliko wengi wa zama zake. Mwiba wa Muir ndio ambao hakuwahi kuung'oa wala kuutii, na miaka zaidi ya mia moja baadaye, katika nyasi za Laikipia, maana yake imekuwa wazi kuliko ilivyokuwa usiku ule wa kambini.