HERMANN VON HELMHOLTZ: MTU ALIYECHUNGULIA NDANI YA JICHO

Katika ukurasa huu nawaletea habari za Hermann von Helmholtz, Mjerumani aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, ila kazi yake ingali inatumika katika kliniki za macho. Kama umewahi kumulikwa jichoni na daktari kwa kichombo chenye taa ndogo, basi wewe na Helmholtz si wageni.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 mjini Potsdam, karibu na Berlin. Wakati huo palikuwa Prusia, kwani Ujerumani moja ilikuwa haijaundwa. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya upili, na ninyi walimu wetu mnajua wenyewe mshahara wa mwalimu ulivyo! Hermann alikuwa mtoto wa kuuguaugua. Darasani kukariri kulimshinda. Tarehe za historia na maneno ya lugha za kigeni yalimponyoka. Lakini fizikia, lo! Wenzake wakisoma Kilatini cha Cicero, yeye alikuwa akipiga hesabu chini ya dawati, akitafuta jinsi miali ya mwanga inavyopita katika darubini. (Wenzangu, msiseme mimi ndiye niliyewatuma.)

Alitamani kusomea fizikia, ila karo ingetoka wapi? Serikali ilikuwa ikiwasomesha vijana udaktari bure mjini Berlin, kwa sharti kwamba wakimaliza walitumikie jeshi miaka 8. Mwaka wa 1838 akakubali. Akiwa huko alishikwa na homa kali, akalazwa. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi hakulipishwa, na vijisenti vyake vikajiweka akiba vyenyewe. Alipopona akanunua hadubini, naye akaitumia kuchunguza neva za wanyama wasio na uti wa mgongo. Kazi hiyo ndiyo iliyompa shahada yake mwaka wa 1842. Ama kweli kila msiba una mwenziwe!

Jeshi lilimwachilia mapema, mwaka wa 1848, na mwaka uliofuata akawa profesa huko Königsberg. Mwishoni mwa 1850 alikuwa akitayarisha somo la wanafunzi wake, akajiuliza: kwa nini mboni ya jicho huonekana nyeusi, na hali mwanga huingia ndani? Jibu lake lilikuwa hili. Mwanga ukiingia jichoni hurudi kwa njia ile ile uliyoingilia. Ukitaka kuuona, lazima uweke kichwa chako mbele ya taa, na ukifanya hivyo kichwa kinaziba taa yenyewe! Basi akachukua vioo vyembamba, akaviinamisha. Taa aliiweka kando. Kioo kikaurudisha mwanga wake ndani ya jicho, naye akatazama kupitia kioo hicho hicho. Akaongeza lenzi ya miwani, akashikanisha yote kwa kadibodi na gundi. Kwa siku chache tu akaiona retina ya mtu aliye hai. Chombo hicho, oftalmoskopu, alikitangaza kwa kijitabu mwaka wa 1851. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Helmholtz aliinamisha kioo.

Sasa, faida yake ni ipi? Nyuma ya jicho kuna mahali ambapo nyuzi za neva zipatazo milioni moja hukusanyika kuelekea ubongoni. Ukipachungulia, utaona kiduara cha rangi ya waridi hafifu, na katikati yake kishimo kama kikombe. Katika jicho zima, mara nyingi kikombe hicho ni kidogo. Katika jicho lenye glakoma, nyuzi hufa moja moja na kikombe hupanuka hadi ukingo unakwisha. Uzi uliokufa haufufuki. Maumivu mara nyingi hamna, na macho huanza kupotea pembeni, kwa hivyo mtu hajui.

Hata kuona kulihitaji kujifunza. Albrecht von Graefe, daktari mashuhuri wa Berlin, alikitazama kiduara cha mgonjwa wa glakoma akaandika mwaka wa 1854 kuwa kimevimba. Mwaka uliofuata akajisahihisha: ni shimo, si uvimbe. Mwaka wa 1857 akachapisha upasuaji uliookoa macho ya watu wenye glakoma ya ghafla.

Haya mambo yalinigusa kwa sababu ya nyanya yangu. Alipoanza kujikwaa, kituo kimoja kilimwambia ati ni uzee, akapewa miwani. Miaka ikapita kabla ya mtu kumchungulia nyuma ya jicho, na kufikia hapo jicho la kushoto lilikuwa limezimika. Daktari huyo alituambia glakoma hutembea katika ukoo, watoto nao wapimwe. Mama alienda. Vikombe vyake vilikuwa vimeanza kupanuka, naye alikuwa anaona vizuri tu! Leo anatia dawa ya matone kila jioni, na mwaka kwa mwaka anapigwa picha na mashine inayopima unene wa nyuzi zile kwa vipimo vidogo kuliko unywele. Mashine ya aina hiyo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1991.

Helmholtz aliendelea Bonn na Heidelberg, kisha mwaka wa 1871 akapata alichonyimwa na ukosefu wa karo: akawa profesa wa fizikia Berlin. Heinrich Hertz alikuwa mwanafunzi wake. Alifariki tarehe 8 Septemba 1894.

Jambo moja msilisahau. Alimwandikia baba yake kwamba chombo kile hakikuhitaji elimu zaidi ya ile ya mwanga aliyoipata shuleni. Ile ya miali na vioo, ambayo sisi huifunga daftari kengele ikilia! Nanyi wenye wazee nyumbani, waulizeni kama wameshachunguliwa nyuma ya jicho. Wasingoje mpaka wajikwae.

Kiswahili kitukuzwe!