Kinyozi aliyetuletea UNO

Ijumaa jioni, kwenye keja za Kangemi au Westlands, pakiti ya UNO ikitolewa hakuna anayeuliza ilitoka wapi. Ilitoka kwa kinyozi.

Merle Robbins alizaliwa 1911, na kazi yake ilikuwa kunyoa watu huko Reading, mji mdogo wa Ohio, Marekani. Nyumbani kwake walicheza Crazy Eights, binamu wa poka yetu, ile ya kutangaza niko kadi kabla ya kumaliza. Yeye na mwanawe Ray, mwalimu, wakakosana kuhusu sheria. (Sisi tukifika hapo, mmoja hurusha karata na kuenda zake.) Mzee akaamua sheria zikae kwenye karata zenyewe: hii inaruka mtu, hii inageuza zamu, hii unaokota mbili. Ndio maana mgeni anaishika kwa dakika chache tu.

Mwaka wa 1971 familia ilichanga dola 8,000, pesa ndefu wakati huo, ikachapisha pakiti 5,000. Zingedoda, pesa za watu wa nyumbani zingeenda nazo. Aliziuza kwanza kwenye kinyozi chake.

1972 akauza haki za mchezo kwa dola 50,000 na senti 10 kwa kila pakiti. Kiongozi wa wanunuzi, Robert Tezak wa Joliet, Illinois, alikuwa na biashara ya mazishi, wacha nikwambie. Kuna watakaosema mzee alipunjwa. Mimi ningeitisha hizo senti kumi pia.

Alifariki 1984. Kampuni ya Mattel ilichukua mchezo huo 1992.