Mtwa Mkwawa na Ukoo wa Muyinga: Ngome, Kichwa na Haki ya Marehemu

Katika kuadhimisha siku hii ya hekalu letu, tumeona vema kurasa hizi zisijae habari zetu wenyewe tu. Sisi ambao mababu zetu walitoka Gujarat tumelelewa kwa masimulizi ya Warajput, wale watawala wa ngome na farasi. Tumesikia habari za ukoo wa Jadeja, uliotawala Kachchh, Nawanagar, Gondal na Rajkot, na jinsi nasaba zao zilivyotunzwa na Barot, watu ambao kazi yao ya kurithi ilikuwa kuandika na kukariri majina ya wahenga wa watu wengine. Lakini nchi tuliyozaliwa ina ukoo wake wa kitawala, ngome yake na shujaa wake. Jina la Iringa lenyewe latokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Haifai mtu aishi ngomeni miaka yake yote bila kumjua mwenye ngome.

Wazee wa Uhehe husimulia kwamba asili ya ukoo huo ni mwindaji mgeni aliyeitwa Mufwimi, aliyetoka upande wa Usagara akifuata wanyama, akafika Ng'uluhe na kukaribishwa na mtawala wa huko. Akazaa na binti wa mwenyeji wake, na mtoto aliyezaliwa akaitwa Muyinga. Ndiyo sababu kizazi chake huitwa Wamuyinga. Hivyo ukoo huu mkuu ulianza kwa mgeni aliyepokewa vizuri, jambo ambalo sisi wenye asili ya ng'ambo hatuna budi kulitafakari.

Kwa muda mrefu watoto wa Muyinga walitawala sehemu ndogo tu, miongoni mwa watemi wengine wengi wa milimani. Aliyeiunganisha nchi katikati ya karne ya 19 ni Munyigumba, aliyekaa Lungemba, katika nchi ambayo leo ni Mufindi. Mmoja wa wanawe alikuwa Mkwavinyika, aliyezaliwa Luhota yapata mwaka 1855. Jina hilo ndilo lililofupishwa likawa Mkwawa.

Munyigumba alipofariki, yapata mwaka 1879, nyumba yake iliingia katika fitina ya urithi. Mwambambe, aliyekuwa mkwe wa marehemu, aliunyakua utawala, na kijana Mkwawa akalazimika kukimbilia Ugogo. Baadaye wazee walimrudisha, akakusanya watu wake na kupambana na Mwambambe mahali ambapo tangu siku hiyo paliitwa Ilundamatwe, yaani palipolundikwa vichwa. Mwambambe aliuawa. Mkwawa akawa Mtwa, cheo cha mtawala mkuu wa Wahehe.

Utawala wake ulikuwa wa nidhamu kali. Alipigana na Wangoni wa kusini mpaka pande zote mbili zikachoka na kufanya amani. Aliisimamia njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara, na aliyepita alilipa hongo. Huko Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, alijenga ngome ya ukuta mnene wa mawe na udongo, akaweka humo hazina yake, pembe za ndovu na baruti.

Hapa ni lazima tuseme kweli pia kwa ajili ya majirani zetu wa Mbeya. Sifa ya Mkwawa huko Usangu haikuwa sifa ya mkombozi. Tangu enzi ya baba yake, Wahehe na Wasangu walikuwa wakishindana, na hatimaye mtawala wa Wasangu, Merere, alisukumwa nje ya nchi yake akahamia Usafwa, karibu na mahali ulipo mji wa Mbeya leo. Mwenye kunyang'anywa nyumba hasahau. Wajerumani walipokuja, Merere alikuwa upande wao, na baada ya Kalenga kuanguka walimrudisha Usangu. Kabla ya kumlaumu, tukumbuke mambo ya huko kwetu. Mwaka 1576 Maharana Pratap wa Mewar alipopigana na jeshi la Mfalme Akbar katika bonde la Haldighati, jemadari wa jeshi hilo la Akbar alikuwa Raja Man Singh wa Amber, Mrajput mwenzake. Uhasama wa majirani ndio mlango ambao mgeni mwenye nguvu hupitia, Rajasthan na Nyanda za Juu Kusini vilevile.

Mwaka 1891 Wajerumani walimtuma Kapteni Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, awaadhibu Wahehe. Alikuja na bunduki za kisasa na mizinga, akichoma vijiji njiani. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa, msafara wake ulikuwa ukipita kwa mstari mrefu katika vichaka na mawe, na Wahehe wenye mikuki wakawa wamejificha pande zote. Vita vilikwisha kwa muda mfupi sana. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wengine 9, na askari na wapagazi waliokufa walizidi 300. Wahehe nao walizika mashujaa wengi. Hata leo kambi kubwa ya jeshi jijini Dar es Salaam inaitwa Lugalo kwa heshima ya siku hiyo.

Wajerumani hawakusahau. Walijiandaa kwa miaka 3, wakarudi chini ya Gavana von Schele, naye Tom von Prince, maarufu kwa jina la Bwana Sakarani, akiwa miongoni mwa maofisa wake. Tarehe 30 Oktoba 1894 mizinga ilivunja kuta za Kalenga na ngome ikatekwa. Mkwawa hakukamatwa. Kama Maharana Pratap alivyoishi katika milima ya Aravalli baada ya kupoteza ngome zake, ndivyo Mtwa alivyoishi porini kwa karibu miaka 4, akihama usiku, akishambulia vituo na misafara, akilishwa na kufichwa na raia wake. Wajerumani walimtawaza mdogo wake Mpangile mwishoni mwa mwaka 1896, na miezi michache baadaye wakamnyonga, wakimshuku kuwa anamsaidia kaka yake. Waliahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Rupia hizo ndizo fedha ambazo babu zetu walizihesabu madukani mwao enzi hizo, na wenye duka wanajua ukubwa wa kiasi hicho. Kwa muda mrefu hakupatikana wa kumuuza.

Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, magharibi ya Iringa, akiwa mgonjwa na amebakiwa na watu wachache mno, Mkwawa alijipiga risasi ili asitiwe mikononi mwa adui akiwa hai. Askari waliofika walikikata kichwa chake. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi, na kichwa kikapelekwa Ujerumani.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi Wahindu kwa namna ya pekee. Kwetu, mtu akifa, mwanawe ana deni. Mwili hukabidhiwa moto kwa ibada kamili, majivu hutiwa katika maji matakatifu, na kila mwaka familia hufanya shraddha, yaani ibada ya kuwakumbuka na kuwalisha wahenga. Marehemu asiyetimiziwa haya huhesabiwa kuwa hajatulia, na uzao wake hauna amani. Wahehe wana njia yao, nayo si mbali na yetu: kaburi la mkubwa ni mahali pa tambiko, na ukoo huzungumza na wahenga wake hapo. Kwa hiyo kuchukua kichwa cha Mtwa hakukuwa kumdhalilisha mtu mmoja tu. Kulikata kamba iliyowaunganisha wajukuu na Muyinga. Watu hawa walidai kichwa hicho kwa sababu ileile ambayo mmoja wetu angevuka bahari kufuata majivu ya baba yake.

Dai hilo lilifika mbali. Katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, Ujerumani iliagizwa kukikabidhi kichwa cha Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6. Miezi hiyo ilipita, na miaka ikapita zaidi ya 30. Hatimaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe Bremen mwaka 1953, ambako jumba la makumbusho lilikuwa limehifadhi mafuvu mengi. Fuvu lilichaguliwa kwa vipimo vilivyolinganishwa na vya watu wa ukoo, na mojawapo lilikuwa na tundu la risasi. Wapo wataalamu waliotilia shaka njia hiyo. Lakini tarehe 19 Juni 1954 huko Kalenga, mbele ya umati mkubwa, fuvu lilikabidhiwa kwa mjukuu wa Mtwa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, na ukoo ukalipokea. Hadi leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga.

Enzi yenyewe haikudumu sana baada ya hapo. Sapi, mwana wa Mkwawa, aliwekwa kuwa chifu na Waingereza mwaka 1926, na mwanawe Adam Sapi akashika nafasi hiyo mwaka 1940. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, mamlaka ya machifu yalifutwa nchini kote. Huko India falme ndogo za Kathiawar ziliunganishwa mwaka 1948, na mwaka 1971 vyeo na posho za watawala wa zamani vikafutwa. Adam Sapi hakubaki kuomboleza kiti. Alikuwa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu tangu mwaka 1962, akalitumikia, ukiondoa miaka michache ya katikati, hadi mwaka 1994. Alifariki mwaka 1999.

Ukoo wa kitawala ukipoteza askari, kodi na ngome, hubakiwa na majina ya wahenga na watu wa kuyataja. Barot wa Gujarat wanazidi kupungua, na wazee wa Uhehe na Usangu wanaokariri nasaba nao wanatutoka mmoja mmoja. Kwa hiyo tunatoa rai kwa kamati na kwa majirani zetu: vijana wa hekalu na vijana wa mitaa tunayokaa pamoja waende Kalenga na Mlambalasi, wafike pia Utengule, wawasikilize wazee wa pande zote mbili, na wayaandike wanayoambiwa. Mwaka ujao, Mungu akitujalia uzima, nafasi katika chapisho hili itengwe kwa maandishi yao.