Mariama Bâ na kalamu ya siku za eda

Kila unapozuka mjadala kuhusu waandishi wa kike wa bara letu, huwasikia wasomi, hasa wa kiume, wakikitaja kitabu cha Mariama Bâ, Barua Ndefu Kama Hii, kwa sauti ya huruma. Husema ni kilio cha mwanamke aliyesalitiwa na mumewe, kisha wakaishia hapo. Nimekisoma kitabu hicho kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kwa maoni yangu anayekiita kilio hajamtendea haki mwandishi wake. Mtu yeyote aliyeumizwa anaweza kulia. Kuitunga riwaya ile kulihitaji fundi.

Mariama alizaliwa mjini Dakar, Senegal, mwaka wa 1929. Mamake aliaga dunia yeye angali mdogo, akalelewa na babu na nyanya wa kuukeni katika nyumba ya Waislamu walioshika dini na mila barabara. Wazee hao hawakuona faida ya binti kuendelea na shule ya Wazungu. Babake, mtumishi wa serikali ambaye katika miaka ya hamsini alikuja kuwa waziri wa afya, ndiye aliyeshikilia kwamba msichana asome. Mwaka wa 1943 aliingia chuo cha ualimu cha Rufisque, baada ya kuongoza katika mtihani wa kujiunga nacho uliofanywa na wasichana kutoka makoloni yote ya Ufaransa ya Afrika Magharibi. Alihitimu mwaka wa 1947 na kufundisha kwa miaka kumi na miwili, hadi afya yake ilipodhoofika akahamishiwa idara ya ukaguzi wa shule. Aliolewa na mwanasiasa Obèye Diop, wakajaliwa watoto tisa, kisha wakatalikiana.

Sasa tuifanye hesabu, ndugu msomaji. Riwaya yake ya kwanza ilichapishwa Dakar mwaka wa 1979, naye ana umri wa miaka hamsini. Sembène Ousmane, Msenegali mwenzake aliyemzidi umri kwa miaka sita tu, alikuwa ametoa riwaya yake ya kwanza mwaka wa 1956. Wala si kwamba wanawake wa Afrika hawakuwa na vipaji; Grace Ogot wetu na Flora Nwapa wa Nigeria walitoa riwaya zao za kwanza mwaka wa 1966. Lakini watoto tisa ni watoto tisa. Ongeza darasa, ofisi, na vyama vya akina mama alivyovitumikia kwa bidii, kisha uniambie ni saa ngapi za usiku zilizobaki za kukaa na karatasi.

Nami naamini kwamba ugumu huo huo ndio uliomwonyesha umbo la kitabu chake. Msimulizi wake, Ramatoulaye, ni mwalimu na mama wa watoto kumi na wawili. Mama kama huyo ataketi lini aandike kurasa nyingi namna ile? Mariama alipata jibu katika sheria ya dini yake mwenyewe. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hashughuliki na posa. Desturi iliyokusudiwa kumtenga mwanamke ndiyo inayompa Ramatoulaye kile ambacho ndoa ya miaka mingi haikumpa, yaani kituo na kimya. Sijui riwaya nyingine iliyoitumia eda kwa werevu kama huo.

Hata lugha ya kitabu ilitatuliwa kwa njia hiyo. Nyumbani watu wa Dakar huzungumza Kiwolofu, lakini Mariama aliandika kwa Kifaransa cha shuleni. Mwandishi mwingine angetuacha tukijiuliza kwa nini mjane yule anasema kama kitabu. Hapa anamwandikia rafiki yake wa tangu utotoni, Aissatou, aliyesoma naye, na barua baina ya wasomi wawili wa kizazi kile ingeandikwa kwa lugha hiyo hasa. Kuna wanaolalamika kwamba Ramatoulaye anamsimulia Aissatou hata mikasa iliyompata Aissatou mwenyewe. Waliowahi kuketi matangani usiku kucha hawatashangaa: kule hadithi inayojulikana na kila mtu ndiyo inayorudiwa zaidi.

Jambo linaloniudhi ni mazoea ya kukisoma kitabu hicho kana kwamba ni shajara ya mtunzi. Mwanamume akiandika juu ya mume na mke husifiwa kwa ubunifu. Mwanamke akifanya hivyo huulizwa habari za nyumbani kwake. Mariama hakuwa mjane wa Obèye Diop. Alikuwa ametalikiwa. Ramatoulaye hubaki katika ndoa baada ya mumewe, Modou, kumuoa Binetou, rafiki wa binti yao, na anapofiwa humkatalia katakata shemeji anayetaka kumrithi. Anayevunja ndoa na kwenda zake ni Aissatou. Kwa hiyo talaka, jambo ambalo mwandishi aliliishi, alimpa mpokeaji wa barua, na kalamu akampa yule aliyechagua njia ambayo yeye hakuifuata. Huko si kujieleza hata kidogo. Ni kuzipima njia mbili bila kuipendelea ile aliyoipita.

Mwaka wa 1980 kitabu hicho kilitunukiwa Tuzo ya Noma, na kikawa cha kwanza kabisa kuipata. Sifa zilimkuta akiwa mgonjwa. Alifariki kwa saratani mwezi wa Agosti mwaka wa 1981, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Riwaya yake ya pili, Un chant écarlate, inahusu ndoa ya Mireille, binti wa mwanabalozi wa Kifaransa, na Ousmane, kijana wa Dakar ambaye baadaye anamuoa kwa siri mwanamke wa kwao. Kwangu mimi haina uthabiti wa ile ya kwanza. Mahali pengine mtunzi anaeleza pale ambapo ingefaa atuonyeshe. Hata hivyo, alithubutu kuingia katika moyo wa mke wa Kizungu anayedhulumiwa na Msenegali, jambo ambalo wengi miongoni mwa wasomaji wake wa nyumbani hawakulitarajia kutoka kwake. Ilichapishwa baada ya kifo chake, wala hakuishi kusikia walisema nini.